Uzi: Henry hakuwa namba 9, alikuwa winga wa kushoto aliyeachiwa goli. Nipingeni kwa hoja

#1 KonaFupi
Wakuu salaam. Kila mjadala wa mastraika wa Ufaransa unaishia kwa Thierry Henry kuitwa namba 9 bora. Mimi nakataa hilo la namba 9, ubora sikatai.

Angalieni alikoanzia mipira. Arsenal ya 4-4-2, straika mwenzake Bergkamp anashuka katikati, na Henry hakai kati ya mabeki wawili wa kati. Anajisogeza kushoto, kwenye ule uchochoro kati ya namba 2 (beki wa kulia) na beki wa kati wa kulia. Anapokea ameangalia goli, anagusa mara moja kuingia ndani, anafungua mwili, upande wa ndani wa mguu wa kulia, mlingoti wa mbali. Kwisha. Namba 9 halisi anapokea mgongo ukiwa golini, anagombea mipira ya juu, anafunga mita 6. Huyu hakuwa mtu wa hivyo.

Kwa hiyo hoja yangu: mabao 228 ya Arsenal ni ya winga. Hakuwa straika mwenye mbio, alikuwa winga ambaye kocha alimpunguzia kazi ya kukaba.

#2 Chuma_Chakavu
Nakazia. Monaco alicheza winga, Juventus winga, Barcelona winga. Arsenal peke yake ndiyo wanaitaja kama namba 9.

#3 MtaniWaMitutu
Washika Mitutu (mashabiki wa Arsenal) mmeamka tena na 2004 yenu. Nimekaa pale na karanga zangu.

#4 Refa wa Mchangani
KonaFupi umeanza vizuri ukachemka kwenye mguu. Umesema mguu wa kulia, mlingoti wa mbali, kana kwamba ndiyo siri yote. Chukua mabao yake matatu ya mbio ambayo kila mtu anayakumbuka:

Spurs, Highbury, 16 Novemba 2002. Anautoa mpira nusu yao wenyewe, anakimbia nao kiwanja karibu chote, anafunga kwa mguu wa KUSHOTO. Ndilo bao la kuteleza kwa magoti mbele ya mashabiki wa Spurs, lile la sanamu iliyowekwa nje ya Emirates mwaka 2011.

Inter, San Siro, 25 Novemba 2003, siku ya 5-1. Bao lake la pili: anambebesha Javier Zanetti mzigo, anapunguza mwendo mpaka karibu asimame, anaondoka ghafla upande wa nje. Mguu wa kushoto, chini, unavuka goli.

Real Madrid, Bernabéu, 21 Februari 2006. Anapita katikati yao, Ronaldo, Mejía, Guti, Ramos anachelewa. Kushoto tena, chini, mlingoti wa mbali wa kipa Casillas.

Sasa hiyo kulia yako iko wapi?

#5 KonaFupi
Mkuu #4 nakubali, hayo matatu ni ya kushoto. Ila huoni unanisaidia? Yote matatu alimalizia upande wa kushoto wa goli. Straika gani wa kati kila siku anaishia upande mmoja?

#6 Mikono_ya_Kipa
Niongee kama mtu wa magoli maana mnaangalia miguu tu.

Kipa anapokutana na mshambuliaji anayetokea winga ya kushoto ana njia mbili tu: akisogea mlingoti wa karibu anaacha wa mbali, akikaa katikati anaacha vyote nusu nusu. Wengi walimsogelea Henry ili kupunguza engo. Hapo ndipo alipowapata. Hakupiga pale kipa alipoanza kutoka. Alisubiri mpaka kipa awe katikati ya hatua. Kipa akiwa hewani katikati ya hatua hawezi kuruka, lazima kwanza mguu ushike ardhi. Ukitazama picha za pole pole utaona kipa bado ana mguu mmoja juu, mpira ushapita.

Pili, ukipiga na upande wa ndani wa kulia kutoka kushoto, mpira unaanza kama unatoka nje ya mlingoti wa mbali halafu unakunja kurudi ndani. Macho ya kipa yanasema "huo nje". Akija kujua unarudi, mkono haufiki.

Tatu, mashuti yake mengi yalikuwa ya chini. Kipa mrefu anateseka zaidi na mpira wa chini ulio mbali kuliko wa kifuani. Mwili mrefu unachukua muda kuanguka.

Kwa hiyo mimi siri naiona kwenye muda wa kupiga. Kushoto au kulia ni matokeo tu.

#7 Chuma_Chakavu
Hiyo ya kipa kuwa na mguu juu sijawahi kuifikiria. Asante mkuu.

#8 Bi_Takwimu
Naomba tuweke namba sawa kabla hamjaendelea kubishana na kumbukumbu.

Monaco: mechi 105 za ligi, mabao 20. Juventus, kuanzia Januari 1999: mechi 16 za Serie A, mabao 3. Arsenal kwa jumla, ukiweka na mkopo wa 2012: mechi 377, mabao 228, na ya ligi ni 175 ndani ya mechi 258. Barcelona: mechi 121, mabao 49. Timu ya taifa: mechi 123, mabao 51.

Kiatu cha Dhahabu cha EPL mara 4: 2002 kwa mabao 24, 2004 kwa 30, 2005 kwa 25, 2006 kwa 27. Msimu wa 2002/03 alifunga 24 akakosa kiatu kwa bao moja, van Nistelrooy akawa na 25. Lakini msimu huohuo Henry alitoa pasi 20 za mabao. Mabao 24 na pasi 20 ndani ya ligi moja.

Sasa tazameni. Winga wa Monaco bao 1 kila mechi 5 na kidogo. Winga wa Juventus bao 1 kila mechi 5 na kidogo. Arsenal bao 2 kila mechi 3. Kama alikuwa winga kote, kwa nini namba zinaruka namna hiyo pale tu alipopangwa mbele?

#9 KonaFupi
Bi Takwimu umri. Monaco alianza na miaka 17.

#10 Bi_Takwimu
Juventus alikuwa na 21. Arsenal alianza mwezi huohuo aliofikisha 22. Umri gani huo unaoruka ndani ya miezi 7?

#11 MtaniWaMitutu
Hahaha KonaFupi kapigwa kona fupi.

#12 Mzee wa Stade Louis II
Vijana, tuanze mwanzo maana naona mnamdandia akiwa njiani.

Henry ni mtoto wa Les Ulis, kitongoji cha Paris, baba asili yake Guadeloupe, mama Martinique. Akapita akademi ya Clairefontaine. Monaco ya kocha Wenger ilimchezesha mara ya kwanza Agosti 1994 dhidi ya Nice, na Wenger mwenyewe akatimuliwa Septemba. Kwa hiyo wale wanaosema Wenger alimlea Monaco wanazidisha chumvi. Aliyemkuza pale ni kocha Jean Tigana, akachukua naye ubingwa wa 1997.

Kwa nini alipangwa kushoto? Jibu ni rahisi: katikati palikuwa na watu. Sonny Anderson ndiye aliyekuwa mfungaji, Victor Ikpeba yupo, Trezeguet anachipukia. Kijana mwenye mbio anapelekwa pembeni. Haikuwa asili yake, ilikuwa nafasi iliyobaki.

Ushahidi: fainali ya Ulaya ya vijana chini ya miaka 18 mwaka 1996, Ufaransa 1-0 Hispania, mfungaji ni Henry. Kwenye timu za vijana alikuwa mshambuliaji. Wenger hakumgeuza kule Arsenal, alimrudisha.

Na hata akiwa pembeni, UEFA ya 1997/98 alitupia mabao 7, Monaco wakawatoa Mashetani Wekundu (Manchester United) robo fainali kabla ya kufa kwa Juventus nusu fainali.

#13 Refa wa Mchangani
"Alimrudisha." Hiyo nimeipenda. Lakini Mzee hata kurudi kulimchukua muda. Alifika Arsenal Agosti 1999 kwa pauni milioni 11 hivi kuziba pengo la Anelka aliyeuzwa Real Madrid, akakaa mechi 8 bila bao. Bao la kwanza ni Southampton, 18 Septemba 1999, akitokea benchi: anapokea mgongo ukiwa golini, anageuka, anakunja kutoka nje ya boksi. MGONGO GOLINI, KonaFupi.

#14 KonaFupi
Bao moja hilo mkuu. Hata beki huwa anafunga kwa kisigino.

#15 Refa wa Mchangani
Kisigino pia anacho. Charlton, Oktoba 2004, beki kambana mgongoni, akaupitisha kwa kisigino katikati ya miguu ya beki. Umejileta mwenyewe.

Na Manchester United, 1 Oktoba 2000: mgongo golini, ukingo wa boksi, anauinua mwenyewe kwa mguu, anageuka, anapiga kabla haujatua, kipa Barthez anauangalia. Hakuna mita hata moja ya kukimbia pale.

#16 Kapera wa Kisauni
Ndugu zangu mimi nauliza jambo. Kila mtu anasema mbio, mbio. Nimeona mtandaoni sekunde zake za mita 100. Ni kweli?

#17 Kocha_Vumbi
Ndugu Kapera achana na sekunde za mitandaoni. Straika hakimbii mita 100, na hakimbii kutoka kwenye kibao. Mbio za kazi ni mita 15 hadi 30, na mara nyingi anaanza akiwa tayari anatembea au anajongea.

Cha Henry ni namna ya kuanza. Hakukimbia moja kwa moja kuelekea goli, maana hapo anaotea. Alianzia nje, karibu na namba 2, akikimbia sambamba na mstari wa mabeki, ameangalia mwenye mpira. Pasi ikitoka tu, anakata kona kwenda mbele. Faida tatu: anakuwa tayari ana mwendo wakati beki amesimama, anauona mpira na mstari kwa pamoja, na beki lazima ageuze mwili kuelekea goli lake huku mwenzake ashageuka zamani. Kugeuka kwa beki kunakula hatua mbili. Hatua mbili kwa mtu yule ni mita 3 au 4.

Kuna lingine dogo linaloonekana kwa Zanetti na kwa Carragher, beki wa Liverpool, pia: kupunguza mwendo. Anamvuta beki karibu, anapunguza, beki naye anapunguza na uzito unaenda kwenye visigino. Hapo anaondoka. Mwenye mbio tupu asiyejua kupunguza anakimbizana na beki mpaka mpira unatoka nje.

#18 Chuma_Chakavu
Carragher ni siku ya 4-2 dhidi ya Liverpool, Ijumaa Kuu, 9 Aprili 2004. Ndani ya wiki moja Arsenal walitolewa FA na United, wakatolewa UEFA na Chelsea, na mapumziko hayo wako nyuma 2-1. Henry akapiga hat-triki. Wiki iliyofuata Leeds 5-0, yeye 4. Pale ndipo ule msimu wa kushinda 26 na sare 12 bila kufungwa uliponusurika.

#19 MtaniWaMitutu
Sawa, tumesikia Charlton, tumesikia Leeds. Sasa niulize swali ambalo hamlipendi. Fainali je? Huyu mtu HAJAWAHI kufunga fainali yoyote. Copenhagen 17 Mei 2000 na Galatasaray, sifuri. Cardiff 2001 na Liverpool, sifuri. FA 2002 wakafunga Parlour na Ljungberg. FA 2003 akafunga Pires. Euro 2000 wakafunga Wiltord na Trezeguet. Paris 17 Mei 2006 na Barcelona, fainali ya UEFA, sifuri, na akakosa mbele ya kipa Valdés. Kombe la Dunia 2006, sifuri. Roma 2009, Eto'o na Messi. Mnataka niendelee?

#20 Mzee wa Stade Louis II
Mtani, nimekuandikia #12 fainali ya vijana 1996. Husomi.

#21 MtaniWaMitutu
Ya vijana haihesabiki mzee wangu, shikamoo.

#22 Bi_Takwimu
Marahaba nikusaidie mimi. Kombe la Mabara, 29 Juni 2003, Saint-Denis, Ufaransa 1-0 Cameroon, bao la dhahabu dakika ya 97, mfungaji Henry. Timu ya wakubwa, fainali ya FIFA. "Hajawahi kufunga fainali yoyote" ifute.

#23 Kapera wa Kisauni
Hiyo ni ile ya Marc-Vivien Foé, Mungu amrehemu. Alianguka kwenye nusu fainali na Colombia pale Lyon. Ndiyo maana hakuna anayelisherehekea lile bao.

#24 MtaniWaMitutu
Nafuta "yoyote". Nabakiza "karibu zote".

#25 Mikono_ya_Kipa
Turudi Paris 2006 maana ndiyo nzito. Kipa wa Arsenal, Lehmann, alitolewa kwa nyekundu dakika ya 18. Kuanzia hapo Henry anacheza mbele peke yake, watu 10, zaidi ya saa nzima ya kukimbiza mabeki wa Barcelona. Bao la Campbell dakika ya 37 ni frikiki ya Henry mwenyewe. Nafasi yake ya kipindi cha pili, wakiwa bado wanaongoza 1-0, ilikuja miguu ikiwa imechoka. Akapiga mapema, chini, karibu na mwili wa Valdés. Ukisoma nilichoandika #6, siku ile hakusubiri kipa awe katikati ya hatua. Uchovu unaondoa kwanza ile robo sekunde ya kusubiri. Mbio zinabaki, subira inaondoka.

Dakika ya 76 Eto'o, 81 Belletti. Hadithi ikaisha.

#26 Refa wa Mchangani
Na Cardiff 2001 alimzunguka kipa Westerveld akapiga, beki Henchoz akauzuia kwa mkono kwenye mstari, refa hakuona. Hiyo nayo utaiweka kwa Henry?

#27 MtaniWaMitutu
Mkono? Unataka tuongelee mkono kwenye uzi wa Henry? Wa-Ireland wanasoma hapa.

#28 Chuma_Chakavu
Nilijua tu tutafika 18 Novemba 2009, Ufaransa na Ireland, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia.

#29 Kapera wa Kisauni
Mkono wa Henry ulikuwa mara mbili, wa kwanza wa kuuzuia usitoke, wa pili wa kuuweka kwenye mguu. Halafu krosi, Gallas kichwa, muda wa nyongeza. Alikiri mwenyewe kuwa ni mkono. Tumalize hapo tusiharibu uzi.

#30 KonaFupi
Wakuu turudi kwenye hoja. Nimesoma yote. Natoa maelezo mapya kidogo: siyo winga, siyo namba 9. Ni PEMBETATU. Beki wa kushoto Ashley Cole anapanda, winga wa kushoto Pires anaingia ndani, Henry anatoka nje. Namba 2 wa timu pinzani ana watu watatu na macho mawili. Akimfuata Henry, Cole yuko huru pembeni. Akibaki na Cole, beki wa kati wa kulia anavutwa nje kumfuata Henry, na katikati Ljungberg anaingia kama mwizi. Bergkamp yuko nyuma na ufunguo.

Ushahidi: kiangazi cha 2006 Pires akaenda Villarreal, Bergkamp akastaafu, Cole akaenda Chelsea siku ya mwisho ya usajili. Msimu wa 2006/07 Henry mabao 10 ya ligi. Pembetatu imekatwa, mfungaji kaisha.

#31 Bi_Takwimu
Mabao 10 ndani ya mechi 17 za ligi. Hayo si ya mtu aliyekwisha. Tatizo hakucheza: mshipa wa fahamu wa siatika, mgongoni hadi mguuni, halafu nyonga na tumbo. Na alikuwa ametoka Kombe la Dunia lililofika fainali, mechi 7. Ukipiga hesabu kwa mechi, ni zaidi ya bao 1 kila mechi 2, bila Pires wala Cole.

#32 Kocha_Vumbi
Siatika kwa mchezaji wa aina yake ni sumu. Ule mshipa unapita makalioni kushuka nyuma ya paja. Mtu anayeanza mbio ghafla anavuta msuli wa nyuma ya paja kila mara. Kama mshipa umebanwa, ubongo unapunguza mwendo wenyewe kabla hujaamua. Anabaki na mbio ndefu, anapoteza hatua tatu za kwanza. Na zile tatu ndizo nilizozieleza #17.

#33 Refa wa Mchangani
Wengine wanasema ni kiwanja. Highbury ilikuwa finyu, kama mita 100 kwa 67, Emirates 105 kwa 68.

#34 Mikono_ya_Kipa
Hiyo haiingii akilini mkuu. Mwenye mbio unampa mita 5 zaidi unasema umemharibia? Bernabéu na San Siro ni ndogo?

#35 Refa wa Mchangani
Nimesema "wengine wanasema" usinipige mimi.
Ila lipo jambo: kiwanja kifupi mabeki wakijibana nyuma, timu ikiiba mpira inakuwa tayari karibu na goli. Pasi moja ya Bergkamp inafika. Kiwanja kirefu inahitaji mbili.

#36 Chuma_Chakavu
Emirates nako Januari 2007 aliifunga United dakika za majeruhi kwa KICHWA, krosi ya Eboué. KonaFupi winga wako kafunga kwa kichwa katikati ya mabeki wawili.

#37 KonaFupi
Ndiyo maana kila mtu analikumbuka. Angekuwa namba 9 wa kawaida nani angekumbuka bao la kichwa?

#38 MtaniWaMitutu
Hapo kajibu vizuri, tuseme ukweli.

#39 Mzee wa Stade Louis II
Mlinganisheni na Trezeguet mtaelewa. Walikuwa pamoja Monaco, wakawa pamoja timu ya taifa. Trezeguet mabao 34 katika mechi 71 za Ufaransa, Henry 51 katika 123. Kwa mechi, Trezeguet yuko juu. Yule alikaa ndani ya kumi na nane, mguso mmoja, mingi miwili, huoni jina lake dakika 80. Ndiye namba 9. Ukiwapanga pamoja, inabidi Henry atoke pembeni, na makocha wa Ufaransa walihangaika na hilo miaka 8. Kombe la Dunia 2006 kocha Domenech akaamua: mechi nyingi Henry peke yake mbele, Trezeguet benchi. Akapata mabao 3, Korea Kusini, Togo na Brazil. La Brazil ni frikiki ya Zidane, Henry hana mtu mlingoti wa mbali, upande wa ndani wa mguu wa kulia kabla haujatua.

#40 Kapera wa Kisauni
Na Kombe la Dunia 1998 alikuwa mfungaji bora wa Ufaransa kwa mabao 3, Afrika Kusini moja, Saudi Arabia mawili, halafu fainali hakugusa mpira. Desailly akala nyekundu, ikabidi aingie Vieira.

#41 Bi_Takwimu
Na alivunja rekodi ya Platini ya mabao 41 dhidi ya Lithuania, Oktoba 2007. Ikakaa mpaka Giroud alipompita Kombe la Dunia la Qatar, Desemba 2022. Giroud! Mtu ambaye hakuna atakayemwita mwenye mbio.

#42 MtaniWaMitutu
Giroud ndiye jibu la uzi huu. Mgongo golini, kichwa, mita 6. KonaFupi kashinda bila kujua.

#43 Refa wa Mchangani
Tuongezeni Barcelona maana inamkata KonaFupi na kumsaidia kwa wakati mmoja. Msimu wa 2008/09 kocha Guardiola anampanga namba 11 (winga wa kushoto) kabisa, mstarini. Mabao 26 mashindano yote, 19 ya ligi. Messi 38, Eto'o 36. Ukijumlisha watatu, 100 kamili. Siku ya 6-2 Bernabéu, 2 Mei 2009, alitupia mawili mbele ya Ramos aliyekuwa namba 2. La kwanza ni lilelile la Highbury: kushoto, mwili wazi, mguu wa kulia. La pili Casillas katoka, akamkwepa.

Kwa hiyo akiwa winga kamili na miaka 31 anafunga 19. Akiwa mbele anafunga 30. Kila mmoja achague.

#44 Chuma_Chakavu
Penati ya pasi na Pires dhidi ya Manchester City mtaiweka nafasi gani, winga au namba 9?

#45 Kapera wa Kisauni
Hiyo ni nafasi ya vichekesho. Oktoba 2005, Pires akaugusa vibaya, mpira haukwenda kokote, akauogopa kuugusa tena, Henry kasimama hajui aende wapi. Bahati yao walishinda 1-0 kwa penati nyingine ya Pires huyohuyo.

#46 Kijana_Namba11
Samahani wakubwa, mimi nataka kujifunza lile bao. Mazoezi yake yanakuwaje? Kocha_Vumbi tusaidie.

#47 Kocha_Vumbi
Karibu. Unahitaji koni 4, mipira 6, mpigaji pasi mmoja na kipa. Kipa wa kweli, si goli tupu, maana goli tupu halikufundishi kusubiri.

Koni ya 1 iweke mita 30 kutoka goli, usawa wa ukingo wa kushoto wa boksi. Hapo unaanzia. Koni ya 2 mita 8 kuelekea katikati, sambamba na ya kwanza, ndiyo mstari wa mabeki. Mpigaji pasi yuko mita 10 nyuma ya mstari huo, katikati ya kiwanja. Koni ya 3 na ya 4 zifanye mlango wa mita 2 kwenye kona ya boksi.

Unajongea kutoka ya 1 kuelekea ya 2, macho kwa mpigaji pasi. Akipiga, unakata kwenda mlangoni. Mguso wa kwanza ni wa kulia, unausukuma mpira mbele na ndani kidogo, mita 1 na nusu hadi 2. Ukiusukuma nusu mita inabidi uongeze hatua na beki kafika. Ukiusukuma mita 3 ni wa kipa.

Mguu wa kushoto unautua pembeni ya mpira kama upana wa kiganja na nusu, vidole vikielekea ndani kidogo ya mlingoti wa mbali. Wengi wanakosea hapa: vidole vinaelekea mlingoti wa karibu, kiuno kinafunga, shuti linakwenda mikononi mwa kipa. Kifundo cha mguu wa kulia kikaze. Gusa nusu ya kulia ya mpira, katikati kwenda chini kidogo, kifua kiwe juu ya mpira. Ukilala nyuma unapaisha.

Raundi 3 za mashuti 6, pumzika dakika 2. Ukichoka acha, maana kama alivyosema Mikono_ya_Kipa, uchovu unakufundisha kuharakisha. Kwenye kiwanja cha vumbi punguza upepo wa mpira kidogo, la sivyo unadundadunda na unagusa chini mno.

Ukishaweza, mweke beki koni ya 2. Akija ndani, pita nje umalizie kushoto kama San Siro. Hapo ndipo #1 na #4 wote wako sahihi.

#48 KonaFupi
Nakaribia kukubali.

#49 MtaniWaMitutu
Bao la Leeds, 9 Januari 2012, miaka 34, katoka Marekani kwa mkopo, pasi ya Song, dakika ya 78. Koni zilezile za Kocha. Mimi si Mitutu lakini lile nalo nililipenda.

#50 Refa wa Mchangani
Screenshot imepigwa.

#51 Kijana_Namba11
Asante Kocha. Swali la mwisho, mimi natumia kushoto. Nifanyeje?

#52 Kocha_Vumbi
Hamisha koni zote kulia. Na ubadilishe jina, utakuwa namba 7.